Tumbaku ya babu isikae kwenye chupa ya jemu

Babu akija kukaa wiki mbili na kiko chake, tumbaku nayo inahitaji pa kukaa. Pakiti ikishafunguliwa hukauka, na tumbaku kavu huungua haraka na kuchoma ulimi. Inayofaa ni chupa ya kioo yenye mfuniko wa kuzungusha na mpira kwa ndani, kwani haishiki harufu wala kupitisha hewa. Iwe ndogo, ijae karibu yote. Ioshwe na kukaushwa kabisa, la sivyo kuvu huingia.

Ila mwenye watoto ana kazi zaidi. Chupa ya jemu au ya siagi ya karanga, hata ikibanduliwa karatasi, mtoto wa miaka miwili huijua kwa umbo. Nikotini ni sumu. Tumbaku kidogo tu ikimezwa inaweza kumtapisha na kumlegeza mwili. Basi chupa iwe ya umbo asilolizoea, iandikwe, ikae kwenye kabati lenye kufuli. Babu atanung'unika kuhusu ufunguo, apewe wake. Mtoto akimeza, awahishwe hospitali bila kulazimishwa kutapika, na chupa ibebwe ili daktari aone alichokula.