Mafuta ya Zeituni na Uwanja wa Vibarua

Mafuta tunayopakwa siku ya Kipaimara, kwa desturi ya Kanisa, hutoka katika tunda la mzeituni. Sisi tuliokulia penye michikichi twaijua vema kazi ya mawese; kazi ya zeituni wengi wetu hatukuiona. Tuitazame basi katika jimbo la Jaén, kusini mwa Hispania, penye mizeituni zaidi ya milioni 60, tuone pia jinsi watu wake walivyotawaliwa na Jenerali Franco, tangu mwaka 1939 hata kufa kwake mwaka 1975.

Zeituni huvunwa wakati wa baridi. Siku zile wanaume walipiga matawi kwa fito ndefu; wanawake walipiga magoti juu ya udongo wa baridi kali, wakiokota tunda moja moja. Lakini mashamba makubwa yalikuwa mali ya wachache. Wengi walikuwa vibarua: miezi michache walipata mshahara, miezi mingine walikaa bila kazi. Alfajiri walisimama katika uwanja wa mji, kama wale wa mfano wa Injili, wakingoja kuchaguliwa. Bwana wa Injili aliwaita hata wa saa ya mwisho. Kapita wa Jaén aliwaacha waliojulikana kuwa wadai haki.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa yameanza kugeuka. Mwaka 1931 serikali ya Jamhuri iliamuru wenye mashamba waajiri kwanza watu wa mji wao. Amri hiyo ilifutwa mwaka 1934, na ushindi wa Franco ukafuta hata mabaraza ya miji yaliyochaguliwa na raia. Kwa sheria ya mwaka 1945, meya wa mji mdogo aliteuliwa na gavana, na wa mji mkubwa na waziri. Mara nyingi meya alikuwa mwenye mashamba mwenyewe, au rafiki yake. Migomo ilikatazwa, chama kilichoruhusiwa kilikuwa cha serikali, bwana na kibarua wakiwa ndani yake pamoja. Aliyedhulumiwa amshitaki nani, na kwa nani?

Hata mwaka 1952 chakula kiligawiwa kwa kipimo. Matajiri wengi walificha sehemu ya mafuta, wakaiuza kwa magendo; maskini aliyekamatwa na chupa chache alitozwa faini. Hivyo aliyeokota zeituni mara nyingi alikosa mafuta nyumbani kwake. Maelfu kwa maelfu wakahama, wakaenda Barcelona, Madrid, hata Ujerumani.

Tusifiche neno: wakubwa wengi wa Kanisa waliunga mkono utawala ule. Hata hivyo wafanyakazi Wakatoliki wa chama cha HOAC, kilichoanzishwa mwaka 1946, walisema wazi juu ya mishahara ya haki. Gazeti lao likanyamazishwa mwaka 1951.

Tarehe 3 Aprili 1979 raia wa Hispania walichagua tena mabaraza ya miji yao. Mizeituni ilikuwa ile ile, na baridi ile ile. Lakini kibarua sasa aliweza kumwondoa meya asiyemsikiliza. Wazazi na wanafunzi, tusidharau uchaguzi wa mji kwa kuwa ni mdogo. Mkuu wa nchi yuko mbali. Mkuu wa mji ndiye apitaye kila siku mbele ya wale wasimamao uwanjani bila kazi.