Mashine Yako Imezima? Hivi Ndivyo Tunavyojua Kabla Hujatupigia Simu

Ni Ijumaa, mwisho wa mwezi, saa moja na nusu jioni. Duka limejaa. Mteja ameweka mkate, maziwa na unga wa kilo mbili kwenye kaunta, amelipa kwa simu, na meseji imeingia kwamba pesa zimetoka. Lakini mashine ya mwenye duka iko kimya. Haijalia, haijatoa risiti. Mwenye duka anasema, "Kwangu haijaingia." Mteja anainua simu yake, "Si hii hapa?" Nyuma yao kuna watu sita wanaongoja, na mmoja ameshaanza kuguna.

Hapo hakuna mwongo. Hata hivyo, mmoja wao anaweza kuumia: ama mteja alipe mara ya pili, ama mwenye duka atoe bidhaa bila uhakika. Mara nyingi pesa hazijapotea. Kilichokwama ni habari, kwa sababu mashine ya dukani imepoteza mtandao na haijui kwamba umelipa.

Sasa swali ni hili: sisi huku ofisini tunajuaje kwamba mashine hiyo imezima? Tukijua mapema, tunampigia mwenye duka kabla foleni haijaanza. Tukichelewa, yeye ndiye anayetupigia, akiwa na hasira, na hatumlaumu.

Kuita majina kama darasani

Kila kampuni yenye vifaa vingi vilivyotawanyika huwa na programu ya kuvisimamia. Kazi yake inafanana na ya mwalimu anayeita majina asubuhi. Programu inauliza kifaa, "Upo? Betri yako ikoje? Mtandao una nguvu?" Kifaa kinajibu, programu inaandika, kisha inaendelea na kingine.

Ruta na swichi nyingi duniani huulizwa kwa utaratibu unaoitwa SNMP, ambao uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1988. Mashine za dukani huwa na programu ndogo ndani yake inayofanya kazi hiyo hiyo. Njia ni tofauti, lakini wazo ni moja, yaani kuita majina na kusubiri mtu aseme "nipo."

Darasa la watoto 40 halina shida. Shida inakuja darasa likiwa na watoto elfu kumi.

Hesabu inayoumiza kichwa

Tuchukue mfano wa mashine 10,000. Tuseme 9,500 ziko hewani, na kila moja inajibu kwa nusu sekunde. Hizo zitachukua sekunde 4,750, yaani saa 1 na dakika 19 hivi. Zile 500 zilizobaki zimezima. Programu inauliza, inangoja sekunde 5, haipati jibu. Inauliza tena, inangoja tena. Ikijaribu mara 3, kila mashine iliyozima imekula sekunde 15. Zidisha kwa 500 upate sekunde 7,500, ambazo ni saa 2 na dakika 5.

Umeona? Mashine 500 zilizolala zinakula muda mwingi kuliko 9,500 zilizo macho! Jumla ni karibu saa 3 na dakika 24. Ukianza kuita majina saa kumi jioni, unamaliza saa moja na dakika 24 usiku, na kwa muda wote huo mashine iliyozima saa kumi na dakika tano inaweza kuonekana kwenye skrini yetu na alama ya kijani, ati iko sawa.

Mtu wa haraka atasema, "Nunueni seva kubwa zaidi." Lakini seva kubwa nayo itangoja zile sekunde 15 kama ile ndogo. Tatizo halikuwa nguvu. Tatizo lilikuwa kungoja.

Tulichobadilisha

Kwanza, hatuiti jina moja moja tena. Kama walimu 50 wangegawana lile darasa letu la mfano, zile sekunde 12,250 zingegawanywa kwa 50. Inakuwa sekunde 245, dakika nne na kidogo tu.

Pili, mashine zilizolala zina foleni yao. Mashine ikishindwa kujibu mara kadhaa, tunaihamishia kando na kuiuliza huko, ili isicheleweshe zilizo macho. Ni kama benki inavyomweka pembeni mteja ambaye fomu yake ina shida, wengine waendelee kuhudumiwa.

Tatu, tunasambaza maswali. Mfumo ukiuliza mashine zote 10,000 katika sekunde moja kila baada ya dakika tano, unatengeneza msongamano wake mwenyewe, halafu unakaa bure hadi mzunguko ujao. Ukitawanya maswali hayo katika sekunde 300, unapata mashine 33 hivi kwa sekunde.

Nne, mashine nazo zinaongea bila kuulizwa. Betri ikikaribia kuisha, mashine inatuma taarifa yenyewe. Lakini hatuwezi kutegemea hilo peke yake, maana mashine iliyokatika ghafla haiwezi kutuambia kwamba imekatika. Ndiyo maana bado tunaita majina.

Tano, tumeacha kuandika kila kitu kimoja kimoja. Muuza duka mwenye haraka hafungui daftari kwa kila peremende anayouza. Anajumlisha, kisha anaandika kwa pamoja. Mfumo nao sasa unakusanya majibu mengi na kuyahifadhi kwa mkupuo.

Stima ikirudi, kila mtu anabisha mlango

Mtihani mkubwa zaidi si stima kupotea. Ni stima kurudi. Wengi wetu tunakumbuka Ijumaa usiku ya 25 Agosti 2023, giza lilipoingia sehemu kubwa ya nchi. Katika hali kama hiyo, vifaa vingi vinazima, halafu vinaamka pamoja. Kila kimoja kinataka kuingia kwenye mfumo kwanza. Mlango unasongamana, wengine wanakosa kuingia, wanabisha tena palepale, na msongamano unazidi.

Jambo hili si geni. Oktoba 1986 huko California, Marekani, mtandao kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, umbali usiofika hata nusu kilomita, ulishuka kasi kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson, aliyechunguza tukio hilo, alieleza mwaka 1988 jinsi msongamano wa aina hiyo unavyozuiwa. Kompyuta zilikuwa zikiona kimya, zinatuma ujumbe tena bila subira, na kila ujumbe wa kurudia ulizidisha foleni. Dawa ilikuwa adabu: anza polepole, na ukikosa jibu, ngoja zaidi kabla ya kujaribu tena.

Tumefundisha mashine adabu hiyo hiyo. Ikishindwa kuingia inangoja sekunde 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8. Na kila mashine inaongeza muda wake mdogo wa kubahatisha, ili zisirudi zote kwa sekunde moja. Ndiyo maana stima ikirudi, mashine yako inaweza kukawia kidogo kuliko ya jirani. Haijaharibika. Inapanga foleni.

Wewe ufanye nini?

*Kama wewe ni mteja:* meseji ya malipo ikikawia, usikimbilie kulipa tena. Angalia salio lako au taarifa ya miamala kwanza. Kama pesa zimetoka, mwonyeshe mwenye duka nambari ya muamala, naye aitafute kwenye akaunti yake ya till. Ukilipa mara mbili utaanza safari ya kuomba kurudishiwa, na hiyo ndiyo inayochosha.

*Kama wewe ni mwenye duka:* usiamini meseji iliyo kwenye simu ya mteja peke yake, maana meseji bandia zipo. Hakikisha kwenye akaunti yako. Mashine ikikwama, usiizime na kuiwasha mara tano mfululizo, kwa sababu kila ukiiwasha inaanza foleni upya. Izime mara moja, iwashe, uipe dakika chache. Iweke mbali na friji na makabati ya chuma, kwani chuma huzuia mawimbi ya mtandao. Usiku ukifunga, iache kwenye chaji ikiwa imewashwa ili ipate masasisho wakati hakuna foleni. Na usitoe laini iliyo ndani ukaiweka kwenye simu. Ukifanya hivyo, kwetu mashine inaonekana imekufa.

*Kwa wote:* tukiona mashine imelala tunaweza kumpigia mwenye duka. Tutauliza kama ina chaji na kama kuna stima. Hatutauliza nambari yako ya siri, wala hatutakuambia utume pesa ili mashine "ifunguliwe." Mtu akikuuliza hayo, hata akijua jina la duka lako, kata simu.

Hatuwezi kuahidi kwamba mashine haitazima kamwe. Stima itapotea, minara itakosa nguvu, betri zitazeeka. Tunachofanyia kazi kila siku ni kufupisha ule muda kati ya mashine kuzima na sisi kujua, kwa sababu ndani ya muda huo kuna watu wawili kwenye kaunta, kila mmoja akisema ukweli, na mkate ukiwa katikati yao.