Mmea Ulao Wadudu na Mbegu Yake

Sisi tumezoea kupigana na wadudu walao mimea yetu. Leo na tuutazame mmea ulao wadudu, maana mbegu yake ina somo kwa kila aoteshaye miche ya mikarafuu.

Jina lake ni Nepenthes pervillei. Humea wenyewe katika visiwa viwili tu vya Shelisheli, navyo ni Mahé na Silhouette, juu ya majabali ya milimani. Ncha ya jani lake hurefuka ikafanya mtungi mdogo wenye maji, na juu yake kifuniko mfano wa kawa. Mdudu hufuata utamu ulio mdomoni mwa mtungi, huteleza, akazama. Kwa njia hiyo mmea hupata chakula kisichopatikana katika jabali.

Mwenye kupanda mimea ya jamii hii nyumbani haitilii samadi. Huiweka penye mwanga na unyevu, na huimwagilia maji ya mvua, kwani maji yenye chumvi huidhuru.

Kazi kubwa ni kupata mbegu. Kuna mmea dume na mmea jike, kama mipapai. Aliye na mmea mmoja tu atangoja miaka asipate hata punje. Hana budi kumwendea mwenziwe, achukue unga wa ua dume kwa brashi ndogo na kuupaka ua jike. Vifuko vya mbegu vikigeuka rangi ya kahawia, huchumwa kabla havijapasuka. Mbegu hutawanywa juu ya udongo mwepesi wenye unyevu, wala hazifukiwi. Zikikaa sana hufa. Kwa hiyo anayempelekea mwenziwe huandika juu ya bahasha jina la mmea na siku ya kuchuma.

Chama cha kimataifa cha wapandao mimea ilayo wadudu, kilichoanza mwaka 1972, kina hazina ya mbegu ambayo wanachama huichangia na kugawiana. Faida yake ni kubwa. Apataye mbegu kwa mwenziwe hana haja ya kung'oa mmea mlimani. Na ang'oaye mmea jike mlimani ameondoa na mbegu zake zote za kesho.

Karafuu nayo ilitufikia kwa mikono ya watu. Mwaka 1770 Pierre Poivre aliletewa Mauritius miche na mbegu kutoka Visiwa vya Maluku, na kutoka visiwa vile vya Mauritius na Réunion ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19.

Mkarafuu hauna dume na jike, lakini mbegu yake pia haivumilii kungoja. Karafuu ya kuuza ndiyo huanikwa. Mbegu ya kupanda haianikwi kamwe, maana ikikauka imekufa. Basi mwenye mti mzuri, matunda yakiiva, na amgawie jirani yake upesi. Akikawia, atakuwa amegawa punje zisizoota.