Je, wajua sidiria ya michezo ilizaliwa kutokana na vazi la wanaume?

Mwaka 1977, katika mji wa Burlington, jimbo la Vermont nchini Marekani, Lisa Lindahl alikuwa mkimbiaji ambaye kila akitoka barabarani matiti yalimsumbua. Siku moja dada yake, aliyekuwa na shida hiyohiyo, alimpigia simu akamwuliza: wanaume wanamichezo wana vazi lao la ndani la kubana sehemu za siri zisirukeruke, mbona sisi hatuna letu? Walicheka, lakini simu ilipokatika Lindahl alikaa akaandika mambo ambayo vazi kama hilo lingehitaji: mikanda isiyoteremka mabegani, mishono na vifungo visivyochubua ngozi, kitambaa kinachopitisha hewa, na nguvu ya kutosha kuzuia mrusho.

Rafiki yake wa tangu utotoni, Polly Smith, alikuwa fundi wa mavazi ya maigizo. Alishona mfano mmoja baada ya mwingine, na yote ikashindwa. Kisha mume wa Lindahl akashuka ngazi siku moja amejivika kifuani lile vazi la wanaume, akifanya mzaha. Wanawake wale waliona jambo ambalo yeye hakuliona. Smith alichukua mavazi mawili ya aina hiyo akayaunganisha: mkanda wa kiunoni ukawa mkanda wa chini ya matiti, na mikanda mingine ikapandishwa mabegani na kupishana mgongoni. Pamoja na Hinda Miller, aliyekuwa msaidizi wa Smith, wakaanzisha biashara na kuliita vazi hilo Jogbra. Mwaka 1979 wakapewa hataza. Sidiria nyingi za kukimbilia zinazouzwa leo duniani zina damu ya ule mfano.

Baadhi ya hizo zimefika hapa kwetu Goma. Zimo ndani ya balo za nguo za chagua, yaani mitumba, zinazofunguliwa Birere na soko la Virunga, zimechanganyika na kaptula za baiskeli na fulana za timu ambazo hapa hakuna anayezijua. Ukipita, muuzaji atakuita: «Mama, kuya uangalie, ya sport iko!» Na hapo ndipo kazi inapoanza, maana neno «sport» lililoandikwa kwenye lebo halikuambii kitu. Kuna ya kunyooshea viungo na kuna ya kukimbilia, na ukibeba ile ya kwanza kwenda kufanya kazi ya ile ya pili utaumia.

Kwa nini uumie? Titi halina msuli ndani yake. Limeundwa kwa mafuta, tezi za maziwa na nyuzi nyembamba, na msuli wa kifua uko nyuma yake, ukutani. Kinacholishikilia ni ngozi pamoja na nyuzi zile, ambazo kitaalamu zinaitwa kano za Cooper, kwa jina la Astley Cooper, daktari mpasuaji wa Uingereza aliyezieleza katika kitabu chake cha mwaka 1840. Hakuna mazoezi yatakayozitia nguvu, kwa kuwa si msuli, na zikishavutika sana hazirudi zilivyokuwa. Basi anayekimbia bila kushikiliwa ameziachia kazi yote nyuzi zisizoweza kazi hiyo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, wakiongozwa na Profesa Joanna Scurr, wamekuwa wakipima jambo hili kwa miaka mingi, wakibandika alama mwilini na kurekodi kwa kamera jinsi zinavyotembea. Waligundua kwamba titi halipandi na kushuka tu. Linakwenda pia kushoto na kulia, mbele na nyuma, likichora umbo linalofanana na tarakimu 8. Kwa mwanamke mwenye matiti makubwa asiyevaa kitu, mwendo huo unaweza kufika sentimita 15. Na wenye matiti madogo hawajasalimika: kikundi hicho kilipowauliza wanawake zaidi ya 1,000 waliojiandikisha kwa London Marathon ya mwaka 2012, karibu theluthi moja walisema wanapata maumivu ya matiti, wenye madogo kwa wenye makubwa.

Sasa fikiria barabara zetu. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 iliingia katikati ya mji ikaganda, na mitaa mingi tunakanyaga juu yake hadi leo. Anayefanya futingi Majengo au Ndosho hakimbii kwa mwendo mmoja kama wa kwenye lami. Anaruka jiwe, anatua shimoni, anakwepa moto, zile pikipiki za abiria, anajipindua. Mwili unatupwa juu, chini na pembeni ndani ya hatua chache, na matiti yanafuata kwa kuchelewa kidogo. Kuchelewa huko ndiko kunakovuta ngozi na kuuma. Na wewe usiyefanya futingi, ukipanda moto kutoka Katindo kwenda Kituku, unarushwa vilevile. Kushika kifua kwa mkono mmoja na kumshika dereva kwa mwingine ni jambo tunalolifanya sote bila kulisema.

Sidiria za michezo zinashika kwa njia mbili. Ya kwanza hubana: kitambaa kimoja kizito kinayalaza matiti yote mawili kifuani. Ya pili ina vikombe viwili, kila titi likikaa ndani ya chumba chake na kuzuiwa pande zote. Ile ya kubana inamtosha mwenye matiti madogo hata akikimbia. Mwenye matiti makubwa ikimbana haizuii ule mwendo wa kwenda pembeni, na jasho linakusanyika katikati hadi ngozi inachubuka. Huyo atafute ya vikombe, au ile inayofanya yote mawili, yenye vikombe kwa ndani na kitambaa cha kubana kwa juu.

Lakini uzito hasa unabebwa na mkanda wa chini, ule unaozunguka mbavu, na hapa wengi wanakosea kwa kuvuta mikanda ya mabegani mpaka inaacha alama. Mwangalie kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anavyofunga magunia yake: anakaza kamba pale mzigo unapokutana na ubao, kisha ndipo anapitisha nyingine juu. Mzigo uliokazwa juu tu humwagika kwenye kona ya kwanza. Mkanda wa sidiria ukae sawasawa, mbele na nyuma kimo kimoja. Ukiona umepanda mgongoni, ni mkubwa kwako. Vidole viwili vipite chini yake, na visipite kwa ulegevu. Kama ina vifungo vya nyuma, inunue ile inayokutosha kwenye tundu la mwisho, la nje kabisa, ili ikilegea baada ya miezi uwe na pa kuikazia.

Hata hivyo usikaze kupita kiasi, hasa hapa kwetu. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na mji umepanda kutoka hapo. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, na mapafu yanahitaji nafasi ya kutanuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliofanywa kwa wanawake wakimbiaji mahiri, ulionyesha kwamba mkanda wa chini uliokazwa sana unawafanya wapumue harakaharaka na kwa kifupi, na kwamba kuulegeza kidogo kunapunguza kazi ya kupumua. Ukivaa, vuta pumzi ndefu hadi mwisho. Pumzi ikikugomea ukiwa umesimama, Mont Goma hutaipanda na sidiria hiyo.

Turudi sokoni, kwa sababu ndiko wengi tunakonunua. Uhai wa sidiria ya michezo umo katika uzi wa mpira unaovutika, spandeksi, uliovumbuliwa na Joseph Shivers katika kampuni ya DuPont mwaka 1958. Uzi huo unauawa na joto, jasho lililoachwa likauke ndani yake, na sabuni kali. Shika mkanda wa chini kwa mikono miwili, uvute, uachie. Ukirudi mara moja kwa nguvu, uko hai. Ukirudi polepole kama umechoka, uweke chini hata kama rangi inang'aa. Kisha uvute tena ukiutazama kwenye mwanga: ukiona vinyuzi vyeupe vimetokeza katikati ya kitambaa, au mawimbimawimbi ambayo hayanyooki, mpira umekatika ndani. Geuza nje ndani upapase mishono ya kwapani, kwa sababu mshono mgumu mahali hapo utakukata baada ya nusu saa ya kukimbia. Nafasi ya kujaribia hakuna, basi nenda umevaa fulana ya kubana, uivae juu yake, na uruke palepale mara kadhaa. Watakaocheka wacheke. Wewe ndiye utakayeivaa.

Kwa kunyoosha viungo, yoga au kunyanyua vyuma, nyepesi ya kubana inatosha, na kuvaa ile nzito ni kujitesa bure. Kwa kucheza ngoma ni tofauti. Wacheza dansi wa Goma, wale tuliowaona hata jukwaani Amani Festival, wanajipindua kuliko wanavyoruka, kwa hiyo wanahitaji mikanda iliyopishana mgongoni isiyoteleza bega likishuka. Mpira wa miguu, basketi, kuruka kamba na futingi vinataka ile nzito kabisa yenye mikanda mipana. Ndondi nayo imo humo, na tena ina jambo lake: mwili unazunguka kiunoni kila ngumi inapotoka, kwa hiyo anayepigana ahakikishe ubavuni kumefunikwa vizuri, na siku ya kupigana kweli avae kinga ya kifua juu yake.

Wapandaji wa Nyiragongo walijifunza jambo jingine. Njia ya kutoka Kibati ina kilomita kama 8 na kilele kiko mita 3,470. Unapanda ukitokwa jasho, unafika juu baridi inakungoja. Sidiria ya pamba inakunywa jasho na kulishika, na usiku ule inakugandisha kifua. Ya nailoni au poliesta hukauka mapema. Pia vifungo vya nyuma na mkoba wa mgongoni havipatani, kwa hiyo anayebeba mzigo achague ya kuvaliwa kichwani au ya kufungwa mbele.

Mama anayenyonyesha naye asikae nyumbani. Anyonyeshe kwanza, kisha avae ya kufungwa mbele, yenye vikombe, isiyobana kupita kiasi, kwani kubanwa sana kunaweza kuziba mirija ya maziwa. Akimaliza mazoezi aivue mara moja. Na sote tuache kuweka pesa na simu humo ndani wakati wa mazoezi: kitu kigumu kinavuta kikombe upande mmoja na kuchubua, na noti ya dola ikilowa jasho wabadilishaji wetu wanaikataa.

Wapo wanaosema sidiria huleta saratani ya matiti. Uchunguzi uliofanywa eneo la Seattle, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2014, ukiwahusisha wanawake zaidi ya 1,000, haukuona uhusiano wowote. Lakini uvimbe au maumivu yasiyoondoka hata baada ya kupumzika yanamhitaji daktari, si sidiria mpya.

Kabla ya mashindano ya Ulaya ya mwaka 2022, wachezaji wa timu ya wanawake ya England walipimwa mmoja mmoja na wataalamu wa Portsmouth ili kila mmoja apate sidiria inayomfaa. Walichukua kombe. Sisemi sidiria ndiyo iliyofunga mabao. Nasema waliokuwa na kazi kubwa mbele yao waliihesabu kuwa kifaa, sawa na viatu. Na kikundi hichohicho cha Portsmouth, kilipowauliza wasichana 2,089 wa shule wenye umri wa miaka 11 hadi 18, kilikuta 46 kwa mia wakisema matiti yao yanaathiri kushiriki kwao michezo. Huko ni Uingereza, kwenye maduka kila kona. Hapa msichana anayeacha mpira akifika miaka 13 huambiwa amekua, au amekuwa mvivu, na hakuna anayemwuliza kama anaumia.

Mwaka 2024 wanawake wa TP Mazembe ya Lubumbashi walitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika, na wasichana wanaofanya mazoezi kwenye vumbi jeusi la Goma wanajua hivyo. Makocha wetu, mnapoandika orodha ya vifaa, mipira na jezi na soksi, andikeni na sidiria za michezo, za saizi mbalimbali. Kama kocha ni mwanaume na anaona haya, amtafute mama mmoja wa timu aende naye Birere.