Ndege Nyuki na Nyaya za Umeme Mkubwa: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Kurusha

Katika miaka ya karibuni ndege ndogo zisizo na rubani, ambazo wengi wetu huziita droni au ndege nyuki, zimekuwa chombo cha kazi katika wilaya yetu. Wapiga picha huzirusha kwenye harusi na mahafali, wapima ardhi huzitumia kuandaa ramani za vijiji, na wakulima wamekwisha kuziona zikinyunyiza viuatilifu dhidi ya kwelea kwelea, ndege waharibifu wa mtama na uwele. Ni maendeleo ya kupokewa kwa mikono miwili. Hata hivyo, anga zinamoruka ndege hizi si tupu.

Mkoa wa Singida ni njiapanda ya umeme wa nchi. Hapa hupita njia ya kilovoti 400, yaani volti 400,000, itokayo Iringa kwenda Shinyanga kupitia Dodoma, yenye urefu wa kilomita 670 hivi. Kutoka Singida huanza njia nyingine inayopita Babati na Arusha hadi Namanga, na kuvuka mpaka kwenda Isinya nchini Kenya. Chini ya hizo kuna njia za kilovoti 33 na 11 zilizobebwa na nguzo, zinazofikisha umeme vijijini. Mtu anayerusha ndege nyuki katika mazingira haya hana budi kuzifahamu nyaya hizo kabla ya kuifahamu ndege yenyewe. Makala haya yanaeleza hatari ilipo, namna ya kuiepuka, na jambo kubwa kuliko yote: la kufanya, na la kutofanya, endapo ndege itanasa.

Waya ulio uchi

Wengi hudhani kwamba waya wa juu ya mnara umevikwa ganda kama ule wa ndani ya nyumba. Sivyo. Kwa kawaida nyaya za umeme mkubwa ni za alumini iliyosukwa, mara nyingi juu ya kiini cha chuma, na hazina ganda lolote. Kinachozuia umeme usiruke kutoka waya mmoja kwenda mwingine, au kwenda kwenye mnara, ni nafasi ya hewa iliyoachwa kati yao pamoja na vikombe vya kioo, udongo wa kaure au mpira maalumu vinavyoushikilia waya. Nafasi hiyo ikizibwa na kitu kinachopitisha umeme, umeme hupata daraja. Umeme mkubwa waweza hata kuruka hewani kukifuata kitu kilichosogea karibu, kabla hakijagusa.

Hapa huulizwa swali la haki: mbona ndege wa porini hutua juu ya waya wasife? Ndege huyo amegusa waya mmoja tu, wala hagusi kingine chochote. Mwili mzima uko katika volti ileile, hivyo umeme hauna pa kwenda kupitia kwake. Akigusa waya wa pili, au waya na chuma cha mnara kwa pamoja, huungua papo hapo. Hali ni hiyo hiyo kwa ndege nyuki. Mikono yake mara nyingi hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, ambazo hupitisha umeme, na betri yake ya lithiamu hushika moto kwa urahisi inapoumia. Ikidondokea kati ya nyaya mbili, huwa imejenga lile daraja.

Jambo hilo likitokea, mitambo ya ulinzi kituoni hukata njia nzima ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kwa hiyo hasara si ya mwenye ndege peke yake. Nchini Australia, ambako kampuni hutumia ndege za namna hii kupeleka mizigo majumbani, ndege moja iliyobeba chakula ilitua juu ya nyaya za volti 11,000 huko Browns Plains, karibu na jiji la Brisbane, mwezi Septemba 2022. Ilishika moto na kuanguka. Wateja wapatao 2,000 walikosa umeme kwa takriban dakika 45, na wengine 300 hivi kwa saa tatu. Volti 11,000 ni kiwango kilekile cha baadhi ya nyaya zinazopita juu ya vijiji vyetu. Umeme wa namna hiyo ukikatika hapa, hukatika pia kwenye jokofu la chanjo la zahanati, kwenye pampu ya kisima na kwenye kinu cha kukamulia alizeti.

Kwa nini rubani huuona waya akiwa amekwisha kuchelewa

Mnara huonekana kutoka mbali, waya hauonekani. Mtu akiitazama anga kupitia kioo cha kiongozio, waya ulio umbali wa mita chache tu waweza kuwa mwembamba kiasi cha kutotokea kabisa katika picha. Isitoshe, lenzi za kamera hizi ni pana, na lenzi pana huonyesha vitu kuwa mbali kuliko vilivyo. Vihisi vya kuzuia kugongana navyo havitoshi kutegemewa: watengenezaji wenyewe huonya katika vitabu vya maelekezo kwamba vihisi hivyo huweza kushindwa kutambua nyaya nyembamba.

Uko pia waya mmoja ambao huwanasa hata wazoefu. Juu kabisa ya minara, juu ya nyaya nene zibebazo umeme, hupita waya mwembamba wa kukinga radi, ambao mara nyingi huwa na nyuzi za mawasiliano ndani yake. Rubani aliyeziona nyaya nene na kupandisha ndege ipite juu yake hudhani amevuka, kumbe anauelekea ule asiouona.

Tena waya haukai mahali pamoja. Joto la mchana na wingi wa umeme unaopita huurefusha, nao hulegea na kushuka katikati ya minara miwili. Upepo nao huupeperusha upande kwa upande. Nafasi iliyopimwa kwa macho asubuhi si lazima iwe ileile saa nane mchana.

Njia ya uhakika ni kutafuta minara na nguzo badala ya kutafuta waya. Ukiona nguzo mbili, hesabu kwamba kuna waya kati yake hata kama huuoni. Ukiona nguzo moja, itafute ya pili. Tembea kwa miguu eneo lote la kurushia kabla ya kuwasha mitambo, na uzitazame pia nyaya za pembeni zinazoshikilia nguzo na minara ya simu, kwa maana hizo hushuka mshazari hadi ardhini.

Dira inapopotoshwa

Ndege nyuki hujua ilipo kwa msaada wa setilaiti, na hujua inakoelekea kwa msaada wa dira ndogo iliyomo ndani yake. Dira hiyo husoma usumaku wa dunia, ambao ni dhaifu sana. Chuma kingi cha mnara, pamoja na uga wa sumaku unaozunguka nyaya zenye umeme mwingi, huweza kuupotosha usomaji huo. Dira ikisema jambo moja na setilaiti ikisema jingine, ndege huanza kuzunguka kwa duara linalopanuka, au huacha kujishikilia mahali pamoja na kuchukuliwa na upepo. Katika nyanda zetu ambako upepo wa kiangazi ni mkali, kuchukuliwa na upepo karibu na nyaya ni jambo la sekunde.

Kwa sababu hiyo, simama mahali ambapo upepo unavuma kutoka kwenye nyaya kuja upande wako. Ndege ikipoteza mwelekeo, upepo utaiondoa kwenye hatari badala ya kuisukumia. Usirekebishe dira ukiwa chini ya mnara, kando ya gari au juu ya sakafu ya zege yenye nondo. Onyo la dira likitokea kiooni, usiendelee kwa matumaini: ielekeze ndege mbali na nyaya na uitue.

Umbali wa kuacha nao una hesabu yake. Ndege nyingi za kupigia picha huweza kwenda mita 15 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, mita 50 humalizika ndani ya sekunde tatu na kidogo, muda ambao mtu huutumia kushtuka, kuamua na kugeuza. Asiye na mafunzo maalumu asiisogeze ndege yake ndani ya mita 50 za waya wa nje, na asiirushe kabisa ndani ya mkuza wa umeme. Ukaguzi wa nyaya kwa karibu ni kazi ya wataalamu wanaoufanya kwa idhini ya mwenye njia.

Hatari ya kitufe cha kurudi nyumbani

Kitufe kinachoirudisha ndege pale iliporukia ni msaada mkubwa, lakini karibu na nyaya chaweza kuwa mtego. Mawasiliano yakikatika au betri ikipungua, ndege hupanda hadi kimo kilichopangwa na rubani, kisha hurudi kwa mstari ulionyooka. Ikiwa njia ya umeme iko kati ya ndege na rubani, na kimo kilichopangwa ni kifupi kuliko mnara, ndege itakwenda moja kwa moja kwenye nyaya bila mtu kuiongoza.

Kinga yake ni nyepesi. Kwanza, panga kimo cha kurudi kiwe juu ya kitu kirefu kuliko vyote katika eneo hilo, bila kuvuka kimo kilichoruhusiwa katika kibali chako. Pili, na hili ni bora zaidi, ruka upande uleule wa kazi yako. Ukiwa na shamba upande wa mashariki wa nyaya na jingine upande wa magharibi, tua, vuka kwa miguu na uanze upya.

Kwa wanaonyunyizia mashamba

Ndege za kunyunyizia ni kubwa na nzito, na huruka mita chache tu juu ya mazao, yaani chini ya nyaya. Hatari yake huwa kubwa mwishoni mwa kila mstari, pale ndege inapoinuka na kugeuka. Pangeni mistari iende sambamba na njia ya umeme, isiielekee, ili mageuzi yote yafanyike mbali nayo. Ukanda ulio chini na kando ya nyaya uachwe kwa bomba la mkono. Kumbukeni pia kwamba dawa ni maji, na maji yenye chumvi na vumbi hupitisha umeme. Mvuke wake usipeperushwe kwenye vikombe vya nguzo.

Ndege ikinasa

Ndege iliyonasa kwenye waya huonekana haina madhara. Imetulia, pengine taa zake bado zinamulika, na mwenyewe anafikiria deni aliloingia kuinunua. Kijana atajitolea kupanda, mwingine ataleta mti mrefu, wa tatu ataleta kamba. Hapo ndipo uhai hupotea. Tangu iliponasa, ndege hiyo ni sehemu ya waya. Mti mbichi hupitisha umeme; mti mkavu uliopata umande au jasho la mikono hupitisha; kamba iliyolowa hupitisha; nguzo yenyewe yaweza kuwa na umeme. Hata kama nyumba zote zimezima, usidhani njia imekufa, kwa kuwa mitambo huweza kuurudisha umeme wenyewe baada ya sekunde chache.

Basi fuata haya:

1. Usiiguse, usiivute kwa kiongozio, wala usimruhusu mtu mwingine aifuate.
2. Waondoe watu na mifugo, hasa watoto, ambao hukimbilia mambo kama haya kuliko yeyote.
3. Toa taarifa katika ofisi ya TANESCO iliyo karibu au kwa simu namba 180, ukitaja kijiji na namba iliyoandikwa kwenye nguzo au mnara. Moto ukizuka, piga simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114.
4. Waya ukikatika na kuanguka, ardhi inayouzunguka nayo huwa na umeme. Aliye mbali asikaribie. Aliye karibu aondoke kwa hatua fupi za kuburuta, nyayo zikiwa zimegusana, asikimbie, maana hatua ndefu huuruhusu umeme kupanda mguu mmoja na kushukia mwingine.
5. Subiri mafundi waikate njia na kuithibitisha kuwa haina umeme. Ndege itashushwa nao.

Wapo wanaosita kutoa taarifa kwa kuhofia kuulizwa kibali. Kibali ni wajibu: ndege nyuki husajiliwa na kurushwa kwa idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania na ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, na anayetaka kuifanya kazi hii kuwa riziki ataanza hapo. Lakini hofu ya kuulizwa isimfanye mtu akae kimya huku ndege ikining'inia juu ya njia wanayopita wanafunzi. Kosa la karatasi hurekebishwa kwa karatasi.

Wenyeviti wa vijiji na vitongoji wanaombwa kuyasoma maelezo haya katika mikutano ya hadhara, na walimu kuyafikisha kwa wanafunzi. Anayekodi mpiga picha kwa shughuli yake naye amuulize mapema: nyaya ziko wapi, na ndege itarukia upande gani? Swali hilo halimpunguzii fundi heshima. Ndege nyuki hununuliwa tena. Aliyeifuata juu ya waya harudi.

*Imetolewa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini, Halmashauri ya Wilaya.*