Lugha za Kigeni Vyuo Vikuu: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuomba Udahili

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, maelfu ya vijana huanza kuomba nafasi za masomo ya elimu ya juu. Miongoni mwao wapo wanaovutiwa na Kifaransa, Kichina, Kiarabu au Kireno, lakini husita pale wazazi wanapouliza: shahada ya lugha itampeleka wapi mtoto huyu? Swali hilo ni la haki, na jibu lake linaanzia katika kuelewa mahitaji yaliyopo na kinachofundishwa darasani.

Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) hutumia Kiingereza, Kifaransa na Kireno, na mwezi Agosti 2019 iliongeza Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne. Umoja wa Afrika nao ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwezi Februari 2022. Mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo lugha yake rasmi ni Kifaransa, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hatua hizi hazipunguzi haja ya lugha za kigeni, bali huiongeza, kwa kuwa mkalimani husimama kati ya lugha mbili. Anayejua Kiswahili pekee hawezi kutafsiri hotuba iliyotolewa kwa Kireno.

Nchini, masomo haya yana historia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Lugha za Kigeni na Isimu, na tangu mwaka 2013 chuo hicho pamoja na Chuo Kikuu cha Dodoma vina Taasisi za Confucius zinazofundisha lugha na utamaduni wa Kichina. Kwa upande wa Zanzibar, iliyokuwa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni (TAKILUKI) iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA).

Masomo ya lugha katika ngazi ya shahada si kukariri msamiati. Mwanafunzi husoma matamshi, sarufi, fasihi, tafsiri na historia ya watu wenye lugha hiyo. Katika Kichina sanifu, kwa mfano, silabi moja ya “ma” hubadilika maana kulingana na toni: yaweza kuwa mama, katani, farasi au kukaripia. Mwanafunzi wa Kiarabu hukuta kwamba lugha sanifu ya vitabuni na ya taarifa za habari hutofautiana na mazungumzo ya mitaani Cairo au Muscat. Mfaransa naye huchagua kati ya “tu” na “vous” kwa kuangalia umri, cheo na mazoea, jambo ambalo Mtanzania aliyelelewa kuanza na “shikamoo” hulielewa upesi. Mkalimani asiyejua adabu hizo anaweza kutafsiri kila neno kwa usahihi na bado akamkosea heshima mgeni.

Kwa utaratibu wa udahili, sifa ya chini ya jumla kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya ngazi kuu yenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Hata hivyo, kila programu huweza kuwa na masharti yake ya ziada, ikiwemo ufaulu wa lugha husika. Mwombaji anapaswa kusoma mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kabla ya kuchagua. Azingatie pia kuwa maombi ya mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hufanywa peke yake, kwa muda wake, na hayatokani moja kwa moja na kupata nafasi chuoni.

Kwa wanaokusudia kusoma nje ya nchi, lugha ni sehemu ya gharama ya muda. Ufadhili wa masomo nchini China na Uturuki, kwa mfano, mara nyingi hutanguliwa na mwaka mmoja wa kujifunza lugha kwa mwanafunzi ambaye programu yake hufundishwa kwa lugha ya nchi hiyo. Ni muhimu kuthibitisha kupitia TCU kama chuo husika kinatambuliwa, badala ya kutegemea maneno ya mawakala, ili mhitimu asirejee na cheti kisichokubalika.

Lugha huwa na manufaa zaidi inapoambatana na taaluma nyingine, kama vile ualimu, sheria, utalii au biashara. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hapone kama hawaelewani na mgeni wake. Wala kujifunza utamaduni wa wengine si kuacha wa kwao: mfasiri bora huhitaji Kiswahili sanifu kwa kiwango kilekile anachohitaji lugha ya kigeni, na anayekidharau kimoja hukosa vyote viwili.