Ubao wa Kusimama Wimbini, na Tulivyokosea Mara ya Kwanza

Aliyekulia pwani hashangai kumwona mtu amesimama juu ya maji. Wavuvi wetu husimama ndani ya mitumbwi na hori wakisukuma kwa upondo, na ukiwatazama utaona kwamba huyahisi maji kwa nyayo kabla ya kuyaangalia kwa macho. Kwa hivyo ubao huu wanaoupenda vijana siku hizi, ubao mpana unaosimamiwa huku mtu ameshika kafi refu, si kioja kikubwa kwetu. Asili yake ni visiwa vya Hawaii. Katika ufuo wa Waikiki, walimu wa kuteleza mawimbini walikuwa wakisimama juu ya mbao zao na kafi mkononi ili wawaone vyema wanafunzi wao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mabingwa kama Laird Hamilton na Dave Kalama wakaufufua mtindo huo, ukaenea duniani, hata ukafika Diani, Watamu na hapa kwetu Malindi.

Sisi ni kina mama tisa wa mtaa mmoja, pamoja na mabinti zetu. Tuna chama cha kuweka akiba, na miaka miwili iliyopita tuliafikiana kutoa sehemu ya akiba hiyo tununue ubao mmoja wa kutumia kwa zamu. Tulikuwa tumekwisha kujifunza kuogelea, mabinti kwanza kisha mama zao, katika maji ya kiunoni, siku za kaskazi bahari iliposhwarika. Tulikuwa pia tumesikia habari za Nungwi, Unguja, ambako mradi uitwao Panje umewafunza wanawake na mabinti kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kufunika mwili wote. Bahari ni ileile, tukasema. Baada ya kuelea tukataka kusimama.

Katika kununua ndipo tulipoteleza kabla ya kufika majini. Tulitazama picha, tukaona bingwa mmoja akikata wimbi kubwa kama kisu kikatavyo siagi, tukatafuta ubao unaofanana na wake. Tulioupata ulikuwa na urefu wa futi 8 na inchi 2, upana wa inchi 28 na ujazo wa lita 95. Mwuzaji alituhakikishia kwamba unamfaa kila mtu. Ulikuwa mzuri wa kutazama: rangi ya chungwa, omo imechongoka, tezi nyembamba.

Mwenzetu wa kwanza kuupanda ana uzito wa kilo 78. Alipojaribu kusimama, ubao ulizama chini yake, maji yakamfika vifundoni, akaanguka. Akapanda tena, akaanguka tena. Mara ya nne kamba ya mguuni ilijizungusha katika pindo la dera lake. Wimbi lililofuata likauvuta ubao, ubao ukamvuta yeye, na kila alipoinama kuufungua mshikizo kitambaa kilimfunika mkono. Kina cha maji kilikuwa cha kifua tu. Mabinti wawili walimfikia, wakamwinua, akatema maji, tukarudi nyumbani kimya. Hakuumia, alhamdulillahi, lakini jioni ile mume wake alikuja kuuliza kwa adabu fedha za chama zimeingia katika jambo gani. Mama mwingine alitaka arudishiwe mchango wake. Mabinti hawakusema kitu. Walijua kwamba zamu zao nazo zilikuwa zimesimama pamoja na zetu.

Ubao huo ulikaa ukutani miezi mingi. Katika miezi hiyo ndipo tulipoketi na kalamu na kufanya hesabu ambayo ingepasa kutangulia.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Lita moja ya ujazo hubeba takriban kilo moja. Maji ya chumvi huongeza kidogo, lakini si kiasi cha kukutoa taabuni. Mwenzetu ana kilo 78. Ubao wenyewe kilo 8. Nguo tulizipima katika mizani ya dukani, zikiwa kavu kisha zikitiririka maji: dera la pamba, suruali na ushungi vilikaribia kilo 4 vilipolowa. Jumla ni kilo 90. Ubao wa lita 95 ulibakiwa na lita 5 tu za kumshikilia juu ya maji, ilhali kusimama kwa mtu anayejifunza kunahitaji akiba kubwa sana kuliko hiyo, kwa sababu uzito hauketi pahali pamoja: huhamia kidoleni, huhamia kisiginoni, na kila uhamiapo ubao huzama upande huo. Mwenzetu hakuwa mzito wala mwoga, kama baadhi yetu tulivyonong'ona. Alisimamishwa juu ya ubao wa mtu mwingine.

Tangu hapo tumejiwekea kanuni yetu. Tunachukua uzito wa mtu na wa nguo zake zilizolowa, tunauzidisha karibu mara mbili ikiwa anaanza, na mara moja na nusu au zaidi kidogo akiwa amezoea. Jawabu ndilo idadi ya lita tunazozitafuta. Wajuzi hushuka chini ya hapo, nao wana miguu yao. Upana nao hufuata: chini ya inchi 30 mwanafunzi huhangaika, na akivuka inchi 33 ubao huwa imara kama jamvi lakini hukataa kugeuka wimbini, tena mkono mfupi hauwezi kuukumbatia wakati wa kuubeba.

Baada ya ujazo kuna umbo, na hapa ndipo ubao mrefu wa mtindo wa zamani unapojitenga na wenzake. Zipo mbao za safari, za futi 12 na zaidi, nyembamba na zenye omo kali ya kukata maji. Hizo ni za kwenda mbali penye maji tulivu, na wimbini omo yake huchimba chini na kumrusha mtu. Zipo mbao fupi za mabingwa, kama ile yetu ya chungwa. Ubao mrefu wa wimbini uko baina yao: futi 9 hadi 10 au zaidi kidogo, omo pana ya mviringo, mbavu zinazokwenda sambamba kutoka mbele hadi nyuma, na mkunjo mdogo, yaani haukupindwa sana kama ndizi. Kwa kuwa umelala bapa juu ya maji, huanza kuteleza mapema, wimbi likiwa bado ni kifuniko kinachoinuka tu na halijavunjika. Anayeusimamia hahitaji kasi ya ujana. Hupiga kafi mara tatu au nne, huhisi tezi ikiinuliwa, kisha hukaa kimya na kuuacha ubao ufanye kazi yake. Gharama yake ni kwamba hugeuka polepole, kama basi katika kichochoro.

Kwa ghuba yetu ya Malindi gharama hiyo ni ndogo. Kule Diani na Nyali ukuta wa matumbawe huyavunja mawimbi mbali, yanayofika ufuoni yakiwa yamechoka. Hapa kwetu ghuba iko wazi zaidi, na kusi inapovuma mawimbi huingia hadi mchangani, marefu, laini, yasiyo na haraka. Ubao mfupi hungoja wimbi kali lisilokuja. Ubao mrefu huridhika na hili tulilopewa. Mto Sabaki ukileta tope la bara, maji huwa mekundu na huoni chini, lakini chini ni mchanga. Penye mwamba mambo ni mengine: pezi la katikati la ubao wa namna hii hushuka inchi 8 au 9, na maji yakipwa hugonga matumbawe kabla hujatambua. Huko mtu aingie maji yakiwa yamejaa.

Swali lililotutenganisha kwa wiki tatu ni hili: ubao mmoja, watu wengi, achaguliwe nani? Binti mwepesi kuliko wote ana kilo 46 na mama mzito kuliko wote ana kilo 83. Wapo waliotaka kipimo cha katikati, kwa insafu. Sisi tulio wengi tulilikataa wazo hilo, kwani katikati ingewanyima kina mama na isingewafaidi mabinti. Mtu mwepesi juu ya ubao mkubwa hupoteza wepesi wa kugeuka, na upepo humsukuma zaidi, hayo huvumilika. Mtu mzito juu ya ubao mdogo hupoteza jambo zima. Tukaamua kumpimia mama mzito miongoni mwa wale wanaoingia majini kwa hakika, si wale wanaosema wataingia. Kauli hiyo ya mwisho ilileta maneno, lakini ilipunguza lita kadhaa.

Tukirudi kwenye mavazi, msomaji asidhani tunamwambia apunguze sitara. Tunamwambia abadilishe kitambaa. Pamba hunywa maji na hayaachi. Nailoni na poliesta huyamwaga. Tumeshona suruali zinazobana kuanzia gotini hadi kifundoni, na kanzu fupi ya kufika gotini yenye mipasuo ya pembeni, shingo ikiwa imefungwa na ushungi umeshonewa humo humo ili usipeperuke. Kitambaa kipana kinacholegea hufanya madhara mawili: majini hunasa kamba, na upepo wa kusi ukikipiga hugeuka tanga, nawe unakwenda unakopelekwa. Mshikizo wa kamba hufungwa juu ya suruali, nje, pasipo pindo la kuufunika, na kila mmoja wetu hujaribiwa ufuoni aufungue kwa mkono mmoja macho yakiwa yamefumbwa. Kamba ya wimbini iwe iliyonyooka, yenye urefu wa ubao au kuzidi kidogo. Ile iliyosokotwa kama waya wa simu za zamani ni ya maji tulivu, na katika wimbi huurudisha ubao kwako kwa kishindo.

Ubao mpya ni ghali, na hatuoni aibu kusema kwamba wa pili tulinunua uliokwisha kutumika. Ndani yake mna povu gumu jeupe, la jamii ya yale makasha ya kuwekea samaki, na nje mna faiba. Faiba ikipasuka, maji huingia katika povu na ubao huongezeka uzito kimyakimya. Basi nenda na mizani, uupime, ulinganishe na uzito ulioandikwa. Bonyeza kwa kidole gumba pale miguu inaposimama. Pakibonyea, pameoza ndani. Angalia mizizi ya pezi, maana nyufa huanzia hapo. Ukiupata, usiuache juani juu ya gari, kwani hewa ya ndani hutanuka kwa joto na inaweza kuivimbisha faiba.

Za kujazwa upepo tulizifikiria pia, kwa sababu hukunjwa zikaingia mkobani na mtu akapanda tuktuk nazo. Kwa familia iliyo karibu na maji ya ndani, kama Mida, hatuoni ubaya wowote. Wimbini mbavu zake nene hazishiki maji, na katikati hupinda kidogo wakati unapohitaji usipinde.

Kafi halina mengi. Kwa wimbi liwe fupi kuliko la safari, likizidi kimo chako baina ya kiganja na shubiri. Ukipata la kurefusha na kufupisha, ubao wa zamu utawafaa wote.

Saa za kuingia tunazisoma kwa mwezi. Tarehe za mwanzo na za katikati ya mwezi mwandamo huleta bamvua, na maji hujaa karibu saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na alasiri. Baada ya sala ya alfajiri ufuo ni mtupu na maji yangali mengi, jambo linalotufaa kina mama. Hata hivyo saa hiyo huwa na umande, upepo wa bara, unaosukuma kuelekea bahari kuu. Siku ukivuma kwa nguvu tunaketi mchangani tukinywa kahawa. Haingii mtu peke yake, na mmoja hubaki ufuoni akihesabu vichwa.

Ubao tulionao sasa una futi 10, upana wa inchi 31 na lita 152. Ni mweupe uliofifia, una kiraka karibu na tezi, na hakuna atakayeupiga picha. Ule wa chungwa tulimwuzia kijana wa kilo 55 ambaye huruka nao kama mkizi. Mchango wa mama aliyedai tulimrudishia kwa fedha hizo, naye baada ya mwezi aliuleta tena.

Mwenzetu aliyenaswa na kamba hakuingia majini mwaka mzima. Alijichukulia kazi ya kubaki ufuoni, na hakuna anayehesabu vichwa kwa makini kama yeye. Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tukikausha ubao, alilichukua kafi, akalisimamisha kando yake, akainua mkono kupima. Lilimzidi shubiri na vidole vinne. Tumelifupisha, na zamu yake ni ya tano.